Ufunguo Ulibaki Kibandani

Hasira za Mama Soketi zilijulikana karakana nzima, lakini zilikuwa za aina moja tu. Ungeweza kumkanyaga mguu, kumnywea chai yake, hata kumsengenya akiwa chumba cha pili anakusikia, naye akacheka na kuendelea na kazi. Ila ukikosea kipimo, hata cha milimita mbili, ungetamani ardhi ipasuke uingie. Alikuwa fundi wa miguu bandia kwa miaka ishirini na sita. Jina alipewa na wenzake kwa sababu ya soketi, kile kikombe kigumu kinachovikwa kigutu cha mguu uliokatwa. Yeye alishikilia kwamba soketi ndiyo mguu wenyewe. Bomba la chuma, wayo wa mpira na mengineyo aliyaita mapambo.

Na alikuwa na sababu yake. Baba yake mzazi alikatwa mguu juu ya goti na msumeno wa kiwanda cha mbao, akatengenezewa mguu bandia na mtu mwenye haraka zake. Soketi ilibana huku, ikapwaya kule. Mzee alijikaza kisabuni miezi mitatu. Kigutu kikatoka malengelenge, malengelenge yakawa vidonda, na mwisho akautundika ule mguu kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake na kurudia magongo. Ulining'inia pale miaka kumi na mmoja, na kiatu chake kipya kabisa, hakijawahi kukanyaga tope. Kila mlango ulipofungwa, kisigino kiligonga ubao, ko. Binti yake alikua akisikia huo mlio, na mpaka leo mtu akimwuliza kwa nini anapima mara tatu wakati mwongozo unasema mara moja, hujibu, "Wewe pima mara moja. Mimi nimesikia mengi."

Zamani vipimo vilikaa rafuni. Kila mgonjwa alikuwa na umbo lake la plasta, limeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, na ukitaka kujua kigutu cha fulani kikoje ulikwenda kukishika kwa mkono. Kisha ikanunuliwa kamera ya kupimia, ile ya kuzungusha polepole kando ya kigutu mpaka sura yake nzima iingie kwenye kompyuta, na haukupita muda makao makuu wakaleta barua. Maumbo yote ya plasta yavunjwe, mambo sasa ni ya kidijitali, na mahali pa rafu pawekwe viti vya wageni. Mama Soketi aliyavunja mwenyewe kwa nyundo, siku mbili. Mumewe, ambaye ni kinyozi na husikia kila kitu kitini pake, alisema hajawahi kumwona mkewe akila chakula kwa hasira vile.

Kwa hiyo vipimo vya watu wote vikawa ndani ya programu moja waliyoiita Daftari. Mwenzake wa chumba cha vipimo, aliyeitwa Plasta, aliweka kwenye kompyuta yake waliokatwa juu ya goti, mia moja arobaini na watatu. Waliokatwa chini ya goti, mia tatu na ushee, walikaa kwa Mama Soketi. Majina, namba za simu, sura za vigutu, palipo na kovu, panapouma ukibonyeza, yote humo. Daftari lilikuwa na adabu zake: lilifunga kila kitu kwa kufuli, ili mtu wa kupita asichungulie siri za wagonjwa.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu, zinatumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Anayeijua Linux anajua kwamba mle ndani unaweza kuweka sura uitakayo. Menyu iwe chini au juu, madirisha yawe na kona za mviringo au za mraba, yote ni hiari yako. Unaweza hata kuwa na sura mbili katika kompyuta moja, ukachagua ya kuingilia asubuhi unapoandika neno la siri. Sura ya zamani ya karakana ilikuwa nyepesi na haina urembo, wakaibatiza Kibanda. Ilitosha. Ilikuwa inawaka, inafanya kazi, inazimwa.

Hapo ndipo akaja Bwana Sare.

Alitoka makao makuu Jumatatu asubuhi, kijana nadhifu, mkoba mgongoni, kabrasha mkononi. Jina alijipatia ndani ya dakika kumi, maana kila sentensi yake ilikuwa na neno hilo. Kompyuta za vituo vyote ziwe sare. Menyu ziwe sare. Hata picha ya nyuma iwe sare. Sura aliyoileta ilikuwa nzito na ya kupendeza, madirisha yakifunguka yanaelea, vivuli chini yake. Plasta aliitazama akasema, "Hili sasa ni Ghorofa," na jina likakaa.

Lakini Plasta alikuwa na wasiwasi. "Dada, Daftari tumelizoea Kibandani. Huko Ghorofani litakubali kweli?"

Bwana Sare naye, kusema haki, aliuliza hivyo hivyo. "Mama, hii programu yenu ilikuja na sura ya zamani. Kuna uhakika itafanya kazi kwenye mpya?"

Mama Soketi alicheka. Hili alilijua, na alipenda kujulikana kwamba analijua, maana kompyuta alijifunza mwenyewe ukubwani, kwenye mashine mbovu ya mumewe pale kinyozini, kati ya mteja na mteja. "Programu haina kabila, bwana," alisema. "Hii programu ya kutazamia picha tunayotumia kila siku ilitengenezewa Ghorofa lako, na mwaka wa nne huu inalala Kibandani kwetu. Vitufe vyake tu ndivyo vina lafudhi. Programu inakwenda popote, mradi vitu inavyohitaji vipo. Weka Ghorofa lako. Daftari litafunguka."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti, mbele ya watu wawili, mkono kiunoni. Baadaye aliyakumbuka neno kwa neno.

Bwana Sare akaanza na kompyuta ya Plasta. Mama Soketi alirudi chumba cha mashine kukwangua soketi ya mama mmoja muuza mboga, na kwa kuwa mashine ile inapiga kelele ya kutoboa masikio, hakusikia lolote kwa karibu saa nzima. Alipoizima kuondoa vumbi, aliona Plasta amesimama mlangoni, mikono myeupe kwa plasta mpaka kwenye viwiko.

"Dada, limekuwa tupu."

"Nini kimekuwa tupu?"

"Daftari. Lilifunguka, kama ulivyosema. Ila likaandika kwamba haliuoni ufunguo. Chini yake vitufe viwili, kimoja cha kufunga, kingine chekundu, Futa Uanze Upya. Yule bwana akasema data zimeharibika kwa uzee, dawa yake ndiyo hiyo. Nikamwambia ngoja kwanza nikamwite dada. Akasema, Mama mwenyewe amethibitisha itafanya kazi. Akabonyeza."

"Watu wangapi?"

"Wote."

Mama Soketi aliweka brashi chini. "Yuko wapi sasa?"

"Ameingia kwako."

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na magoti yasiyopenda haraka, lakini alitoka mbio, aproni ya plastiki ikimpiga mapajani, akapita kati ya viti vya wageni, kimoja akakiangusha. Chumbani kwake Bwana Sare alikuwa amekaa kwenye kiti chake yeye, kiti alichokiwekea mto wa kushonwa na dada yake. Kwenye kioo Ghorofa liling'aa, na katikati ya Ghorofa dirisha la Daftari, na ndani ya dirisha maneno yale yale. Kishale kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe chekundu.

Hakusema "acha." Hakuamini kama mtu huyu husikia. Aliinama chini ya meza, akashika waya wa umeme, akaung'oa ukutani pamoja na kifuniko cha soketi ya umeme.

Kioo kikafa.

"Mama!" Bwana Sare aliruka. "Kompyuta haizimwi hivyo! Unaweza kuharibu mfumo!"

"Niharibu mfumo?" Sauti yake ilikuwa chini, na Plasta aliyesimama nyuma alirudi hatua moja, kwa kuwa alimjua. "Wewe umefuta vigutu vya watu mia moja arobaini na watatu, kisha unaniambia mimi naharibu mfumo? Toka kwenye kiti changu."

"Data zilikuwa zimeshaharibika, Mama. Programu yenyewe ilisema."

"Programu ilisema haiuoni ufunguo. Wewe ukisimama mlangoni pako ukajipapasa mifukoni, ufunguo haupo, unachoma nyumba?"

Bwana Sare alikipisha kiti. Mama Soketi akakaa, akarudisha waya, na wakati kompyuta inajikongoja kuwaka, mwanga ulimwingia kichwani na hakuupenda. Alikumbuka. Miezi minane iliyopita, pale kinyozini, alimbadilishia mumewe sura ya kompyuta kwa ajili ya kujifurahisha tu. Barua pepe ilifunguka vizuri, ila ikauliza neno la siri upya, kana kwamba haijawahi kulijua. Mumewe akalalamika, "Hii si ilikuwa inanikumbuka?" Yeye akaliandika tena, akapuuza. Hakujiuliza. Sasa alijiuliza na jibu likaja lenyewe. Programu haibebi funguo zake. Huikabidhi ile sura iitunzie kwenye sanduku lake. Kibanda kina sanduku lake na Ghorofa lina lake, na masanduku hayo hayajuani. Daftari lilikuwa limekwenda Ghorofani bila shida yoyote, likagonga sanduku la pale, likaambiwa hatuna ufunguo wako hapa.

Programu haina kabila. Mdomo wake huo.

Alipofika penye neno la siri, alibonyeza kile kialama kidogo cha pembeni, akachagua Kibanda. Rangi zile zile zilizochujuka zikarudi, saa kwenye kona, na alipofungua Daftari, majina yakajipanga moja baada ya jingine kutoka juu mpaka chini. Mama muuza mboga alikuwepo. Mwalimu wa hesabu alikuwepo. Wote mia tatu na ushee walikuwepo.

"Umeona?" alisema bila kugeuka. "Nyumba ilikuwa nzima. Ufunguo ulibaki Kibandani."

Walikwenda wote watatu kwa Plasta. Mama Soketi aliingia Kibandani kwa njia ile ile, akafungua Daftari. Lilifunguka haraka mno, kwa kuwa halikuwa na cha kupakia. Kwenye mstari wa kwanza liliandika: *Karibu. Ongeza mgonjwa wa kwanza.* Plasta alikaa chini, kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nakala," alisema Mama Soketi. "Kabla ya kugusa mashine za watu, ulifanya nakala?"

"Nakala zipo kwenye awamu ya pili," Bwana Sare alisema. "Wiki ijayo. Baada ya mashine zote kuwa sare."

Hapo Mama Soketi alicheka, kicheko kibaya, kifupi. Maumbo ya plasta alishayavunja kwa mkono wake kwa amri ya makao makuu, na sasa makao makuu yamemletea mtu wa kumalizia kazi. Hata namba za simu zilikuwa mle mle. Hapakuwa na njia ya kumpigia mtu kumwambia usipoteze siku yako kuja. Ilibidi wasubiri watu waje mmoja mmoja, wenye magongo yao, waambiwe mlangoni.

Bwana Sare alikuwa na akili ya kiofisi, na akili ya kiofisi haikosi karatasi. Alikaa kwenye kimoja cha viti vya wageni, akafungua kabrasha, akaandika dakika kadhaa, akaja na fomu. "Mama, hii ni taarifa ya tukio tu. Utaratibu. Nimeandika hitilafu ya programu kutokana na uchakavu. Ukisaini kama mkuu wa karakana, hakuna atakayelaumiwa, si mimi wala si ninyi. Maana na wewe ulithibitisha, Mama. Sitaki kukuingiza matatani."

Kijana huyu alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama Soketi aliitazama fomu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba kijana alikuwa amesema kweli. Damu ilimchemka mpaka masikio yakawaka, na hakujua ni kiasi gani cha moto huo ni cha huyu mwenye kabrasha na kiasi gani ni cha mwanamke aliyeshika kiuno akitoa somo.

Kabla hajajibu, magongo yakasikika nje.

Alikuwa fundi wa kupaka rangi. Mtu mrefu, mikono ina madoa ya rangi yasiyotoka tena, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti tangu mwaka juzi. Alikuwa amesubiri zamu yake miezi minne, na wiki iliyopita aliambiwa soketi yake itachongwa Jumatatu, aje ajaribu. Alhamisi alikuwa aanze kazi na mkandarasi, kupaka shule nzima, kazi yake ya kwanza tangu aanguke akakatwa mguu. Mkandarasi alimkubali kwa sharti moja, asimame kwa miguu miwili. Chini ya kwapa alibana kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Alikaa, akafungua gazeti, akatoa kiatu kimoja cha kulia. Kilikuwa kipya, kamba bado zimefungwa kama zilivyotoka dukani. "Nilikinunua na mwenzake," alisema kwa aibu kidogo. "Mwenzake nimeshamchakaza. Huyu alikuwa anangoja."

Mama Soketi alikitazama kile kiatu, na kwa nukta moja akasikia kisigino kikigonga ubao. Aligeuka kwa Bwana Sare. "Mwambie."

"Mimi?"

"Wewe. Mwambie ulivyo mguu wake."

Bwana Sare alisimama, akakohoa. "Ndugu, samahani sana. Katika zoezi la kuoanisha mifumo kumetokea changamoto ya kiufundi kwenye upande wa data, kwa hiyo baadhi ya taarifa..."

Mpaka rangi alimsikiliza kwa adabu hadi pumzi ya kijana ikaisha, kisha akamgeukia mama. "Sijamwelewa huyu kaka. Mguu upo?"

"Haupo," Mama Soketi alisema. "Vipimo vyako vimefutwa. Yeye ndiye aliyebonyeza, bila kuuliza na bila kutunza nakala. Na mimi ndiye niliyemwambia hakuna kitakachoharibika. Nilijua nusu ya jambo, nikasema kana kwamba nalijua lote. Kosa hilo ni langu, na nakuomba radhi."

Plasta alitazama mikono yake.

"Sasa Alhamisi?" mpaka rangi aliuliza.

"Alhamisi haiwezekani. Hata tukipima sasa hivi, umbo likauke, tusubiri zamu nyingine ya mashine, kujaribisha, kurekebisha, ni wiki mbili. Nikikuambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya mara ya pili."

Mpaka rangi hakupiga kelele. Pengine angepiga kelele ingekuwa rahisi. Alikifunga kiatu kwenye gazeti, akakifungua tena, akasema polepole, akimtazama Bwana Sare, "Mkandarasi hatangoja wiki mbili, kaka. Angengoja mbili, angengoja na ile miezi minne yangu."

Bwana Sare aliliweka kabrasha lake mezani.

"Plasta, chota maji," Mama Soketi alisema. "Tunapima kwa plasta na kwa kamera, vyote viwili, na umbo lake litakaa rafuni. Hivi viti vitoke." Kisha akamtupia Bwana Sare aproni. "Na wewe vaa. Utamshikilia kigutu wakati plasta inakauka. Dakika kumi na mbili, mikono isitikisike. Ukitikisika tunaanza upya."

Alivaa. Alipiga magoti sakafuni na suruali yake iliyopigwa pasi, akashikilia paja la mtu asiyemjua, maji meupe yakimtiririkia ndani ya mikono ya shati. Mama Soketi alipima mara tatu. Kila mara alitaja namba kwa sauti, na kila mara alimtaka Bwana Sare airudie.

Walipomaliza, mpaka rangi alijipangusa, akashika magongo yake, akasimama. Kiatu kilikuwa bado juu ya kiti. "Nirudi nacho, au nikiache?"

"Kiache," Mama Soketi alisema.

Alikichukua yeye mwenyewe. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari wa kutundikia aproni, akaupita bila kuutazama. Alikiweka kiatu juu ya meza, juu ya kabrasha la Bwana Sare, kisigino kikikalia neno *Mwongozo*. Kisha akavuta ile fomu, akakata mstari mmoja mrefu juu ya maneno ya hitilafu na uchakavu, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: *Ufunguo ulibaki Kibandani. Aliyesema litafunguka ni mimi. Aliyebonyeza Futa ni yeye. Nakala haikuwepo. Watu 143.* Akasaini, akaisukuma upande wa pili.

Nje magongo ya mpaka rangi yalikuwa yanapungua sauti kuelekea barabarani. Bwana Sare aliisoma fomu mara mbili, plasta ikikauka kwenye vidole vyake. Alitazama kiatu. Halafu akaomba kalamu.